Emutai: Balaa Lililopita Hapa Kwetu



Mgeni akisikia jina la Kware hudhani mtaa huu umeitwa kwa jina la yule ndege. Sisi wa huku tunajua ni machimbo ya mawe tu. Wengi wetu si wazaliwa wa hapa. Wazazi walitoka Mombasa, wengine Garissa, wengine Majengo kule Nairobi au Machakos, wakifuata kazi za viwanda na kodi nafuu. Ukimuuliza kijana wa huku historia ya Kitengela inaanzia wapi, atakutajia EPZ na viwanda vya saruji vya Athi River. Kabla ya hapo, kwake yeye, palikuwa pori na pundamilia.

Palikuwa na watu, tena watu na mali. Nyanda hizi za kuanzia Athi kushuka mpaka Isinya ni za Wamasai wa Kaputiei. Wazungu walishindwa kulitamka jina lao vizuri, ndiyo ukaona ramani za zamani na stesheni ya reli zinaandika Kapiti. Na katika nyanda hizihizi, miaka kama mia moja na thelathini iliyopita, lilipita balaa ambalo wazee wa Kimasai hulitaja mpaka leo kwa neno moja: Emutai. Maana yake ni kama kusema kumalizwa, kufutwa kabisa.

Nimeona Ramadhan hii tulizungumze hilo, maana katika darsa za mwezi huu neno "tawakkul" linatajwa sana, na mara nyingi linatajwa kirahisi. Tunaambiwa mtegemee Mwenyezi Mungu, tunaitikia, tunafuturu. Lakini mtu aliyezika watoto watatu kwa wiki moja na boma lake likabaki tupu, tawakkul yake inakuwaje? Na jirani yake ambaye hakupatwa na kitu, anafaa aseme nini?

Tuanze na habari yenyewe.

Mwaka 1883 Mskoti mmoja, Joseph Thomson, alipita Umasaini akiwa na wapagazi wa pwani, na sehemu ya safari aliandamana na msafara wa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani. Thomson alikuta ng'ombe wameanza kufa. Ilikuwa homa ya mapafu ya ng'ombe, ambayo Wamasai huiita olkipiei. Ng'ombe alikohoa, akakonda, akaanguka. Hiyo peke yake ilikuwa pigo kubwa, na kabla ya hapo Wamasai walikuwa wamepigana wenyewe kwa wenyewe katika miaka ya 1870, mpaka Wamasai wa Laikipia wakasambaratika. Lakini watu walistahimili. Ng'ombe waliobaki walizaa, mabomba yakaanza kujaa maziwa tena.

Kisha ikaja sotoka. Wanahistoria wengi wanasema iliingia Afrika kwa bandari ya Massawa, kule Eritrea, mwaka 1887 hivi, pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia. Ikashuka kupitia Uhabeshi, ambako iliua ng'ombe wa kulimia na kuacha njaa kubwa kuanzia 1888 mpaka 1892. Kufikia 1890 na 1891 ilikuwa imeshika Umasaini. Miaka michache baadaye, 1896, ilikuwa imevuka mto Zambezi na kuingia kusini kabisa mwa bara.

Sotoka haikuwa kama homa ya mapafu. Ng'ombe aliye mzima leo, baada ya siku chache anatokwa na machozi na kamasi, mdomo unajaa vidonda, anaharisha, anakufa. Kundi lote huisha kwa majuma. Makadirio ya wanahistoria ni kwamba Wamasai walipoteza zaidi ya ng'ombe 90 katika kila 100. Nyati nao walikufa. Lugard, yule ofisa wa Kiingereza aliyepita njia ya Machakos na Dagoretti kwenda Uganda wakati huohuo, aliandika juu ya mizoga ya mifugo na ya wanyama wa porini.

Sasa fikiri, ndugu yangu. Mmasai wa wakati ule hakulima. Maziwa ndiyo chakula, ngozi ndiyo nguo na malazi, ng'ombe ndiye mahari, ndiye dia, ndiye mazungumzo ya jioni. Ng'ombe akiondoka hakuna kinachobaki cha kushika. Mbuzi na kondoo waliosalia waliliwa haraka, kisha punda, kisha ngozi za kulalia zilichemshwa. Na watu wakiwa katika hali hiyo, mwaka 1892 ndui ikaingia. Mwili usio na chakula haupigani na ndui.

Mwaustria Oscar Baumann alipita Ngorongoro mwaka huo wa 1892. Aliyoyaandika yanatisha kuyasoma: wanawake waliobaki mifupa, vijana waliokuwa morani wakitambaa kwa sababu miguu haiwabebi, wazazi wakitaka kuwatoa watoto wao kwa kipande cha nyama, na tai wakiwafuata watu waliokuwa bado wanatembea. Yeye alikadiria kwamba katika sehemu alizopita, theluthi mbili ya watu walikuwa wamekufa. Ni kadirio la msafiri, si hesabu ya sensa, lakini hata ukilipunguza nusu, bado ni msiba wa kutisha.

Wa huku kwetu, Kaputiei na wenzao wa Ngong na Matapato, waliobaki hai walitawanyika. Wengine walikwenda kwa Wakikuyu, wengine Ukambani, wengine mpaka kwa Wachaga na Waarusha chini ya milima. Watu waliokuwa wakiogopwa na kila msafara wakawa wanabisha hodi wakiomba ndizi na viazi. Watoto waliwekwa rehani kwa majirani ili wapate kula. Kuna waliolelewa wakawa watu wa nyumba ile, na leo ukichimba ukoo fulani wa Kikuyu kule Kiambu utakuta babu Mmasai. Na kuna waliogeuzwa bidhaa. Mwaka 1893 na 1894 kundi moja la hao wakimbizi lilijisalimisha kwenye ngome ya Fort Smith, karibu na Kabete, chini ya ofisa Francis Hall, kisha likahamia Ngong pamoja na laiboni Olonana.

Hata hapo hayakuisha. Mvua zilikosekana tena kuanzia 1897, na mwaka 1898 mpaka 1900 njaa ikashika Wakamba na Wakikuyu, walewale waliokuwa wamewapokea Wamasai. Wakamba waliita Yua ya Ngomanisye, yaani njaa iliyoenea kila mahali. Ndui ikarudi mwaka 1899. Mwezi wa Mei mwaka huohuo reli ilifika Nairobi, ikiwa imekatiza nyanda za Kapiti ambazo zilionekana kana kwamba hazikuwahi kuwa na mwenyewe. Afisa mgeni alitazama dirishani akaona nyasi na swala, hakuona boma, akaandika kuwa nchi ni tupu. Mikataba ya 1904 na 1911, iliyowahamisha Wamasai na kuchukua ardhi yao nyingi, ilisimama juu ya utupu huo ulioachwa na Emutai.

Hiyo ndiyo habari. Sasa tuje kwenye swali la kwa nini.

Wamasai wenyewe waliuliza. Wao humwita Mungu Enkai, na neno lenyewe ndilo la mvua na mbingu. Walikumbuka kwamba laiboni wao mkubwa Mbatian, aliyefariki karibu mwaka 1890, alikuwa ametabiri kifo cha ng'ombe na ndui. Habari hiyo imo katika kitabu alichokiandika Hollis mwaka 1905 juu ya lugha na masimulizi ya Wamasai. Mbatian aliacha watoto wawili wagombea urithi, Olonana na Sendeyo, na Wamasai wakagawanyika. Katika masimulizi yaliyochukuliwa na Hollis, ugonjwa uliwapata watu waliomfuata Sendeyo, ng'ombe wao wakafa wote, na wale waliomfuata Olonana wakasalimika.

Hebu angalia hapo vizuri. Mwaka 1905 Olonana ndiye aliyekuwa ameshinda. Sendeyo alikuwa amejisalimisha kwa ndugu yake mwaka 1902. Hollis alikuwa akiandika upande wa Waingereza, kwa watu wa upande wa Olonana. Na sotoka, kama tujuavyo, haikuuliza ng'ombe huyu ni wa nani. Iliwafyeka wa huku na wa kule. Lakini aliyebaki na mdomo wa kusimulia alisimulia kwamba balaa lilikwenda kwa mwenzake, na lilikwenda kwa sababu.

Mimi naona hapa pana somo kubwa kuliko utabiri wenyewe. Anayeeleza sababu ya mateso mara nyingi ni yule aliyesimama pembeni, na maelezo yake humwacha yeye msafi. Wakikuyu nao njaa ya 1899 waliipa jina Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, kwa kuwa ilikuja pamoja na wageni na reli yao. Walikuwa na haki ya kushuku, maana wageni walinunua chakula kingi kwa ajili ya misafara na wafanyakazi. Lakini mvua iliyokosekana haikuzuiwa na reli.

Na sisi watu wa pwani? Hapa lazima tuseme ukweli hata kama unauma, maana wengi tunaosoma jarida hili babu zetu ndio waliokuwa katika misafara ile. Ndui ilisafiri kwa njia za misafara. Wapagazi walikufa nayo njiani kwa wingi, na waliiacha katika vijiji walivyolala. Njaa ya mwaka 1884 ilipowapata Wamijikenda nyuma ya Mombasa na Malindi, wazazi waliweka watoto rehani kwa Waislamu wa mjini ili wapate nafaka, na baadhi ya watoto hao hawakurudi, waliishia mashamba ya Pemba. Bara nako, wakati wa Emutai, kuna wanawake na watoto wa Kimasai waliouzwa kwa misafara ya pwani. Watu waliofanya hivyo waliswali. Bila shaka wako waliosema kwamba makafiri wale wamepata walichostahili. Subhanallah! Mtu ananunua mtoto wa mwenye njaa, kisha anamweleza Mwenyezi Mungu ni kwa nini alileta njaa.

Nayasema haya kwa sababu maneno ya namna hiyo hayajaisha. Mwaka 2009 ukame ulipokausha Kajiado, na tena kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023 mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, mizoga ya ng'ombe ilikuwa imelala kando ya barabara ya Namanga, na mtu wa vibandani pale angekuambia bila hata kufikiri: hii ni laana, hawa wamemkosea Mungu. Wengine ni wenzetu wa saf ya kwanza. Kwenye misiba pia tunasikia. Mtoto amefariki kwa ugonjwa ambao madaktari hawakuujua, na kabla maiti haijaoshwa mtu ameshapata fatwa: mama yake alikuwa hivi, baba yake alikula vile.

Tuangalie basi walioishi na Mtume (S.A.W.) walifanyaje, maana nao yaliwapata, tena kwa mfululizo unaofanana na Emutai.

Mwaka wa 18 Hijria, sawa na 639, Madina na Hijazi yote ilikumbwa na ukame. Ardhi ikawa kama majivu, na kwa hiyo wakauita Mwaka wa Ramada. Mabedui walikuja Madina kwa maelfu wakitafuta chakula. Khalifa alikuwa Sayyidna Umar (R.A.). Wapokezi wa historia wanasema aliapa kutokula samli wala nyama mpaka watu wote wapate, akawa anakula mkate na mafuta ya zeituni mpaka rangi ya ngozi yake ikageuka na tumbo likawa linanguruma, naye analiambia lizoee. Alisimamisha adhabu ya kukata mkono, kwa kuwa mwenye njaa anayeiba hahukumiwi kama mwizi wa siku nyingine. Alibeba unga mgongoni. Akawaandikia magavana waleta chakula, na aliyefika mapema na msafara mkubwa wa ngamia kutoka Sham alikuwa Abu Ubayda ibn al-Jarrah. Kisha wakatoka kuomba mvua, Umar akimtanguliza Abbas, ami yake Mtume (S.A.W.).

Katika riwaya hizo Umar haonekani akitafuta ni kabila gani limekosea. Aliyemshuku ni nafsi yake. Imepokewa kwamba alikuwa akiomba usiku umma usiangamizwe mikononi mwake. Khalifa mwenye jeshi lililoishinda Uajemi anaogopa huenda yeye ndiye tatizo! Na hofu hiyo haikumfanya akae kwenye msala tu akilia. Asubuhi alikuwa sokoni akigawa unga.

Haya, njaa haijapoa, Sham ikaingia tauni. Inaitwa tauni ya Amwas, jina la mji mmoja wa Palestina, na kwa kauli mashuhuri ni mwaka huohuo wa 18. Umar alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh akapewa habari, akashauriana na Muhajirina, na Ansari, na wazee wa Kikureshi, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza: unakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye malisho na bonde kavu. Mfano huo Mmasai yeyote wa Kaputiei angeuelewa upesi kuliko sisi wa mjini: ukichunga kwenye majani ni kadari, ukichunga kwenye ukavu ni kadari, lakini hakuna mchungaji mwenye akili atakayepeleka ng'ombe kwenye ukavu akasema anatawakali. Baadaye akaja Abdurrahman ibn Auf na hadithi aliyoisikia kwa Mtume (S.A.W.), ya kutoingia mji wenye tauni wala kutoka ndani yake kwa kuikimbia, na Umar akamshukuru Mungu.

Abu Ubayda alirudi kwa watu wake. Yule aliyeleta ngamia wa chakula, mmoja wa masahaba kumi waliobashiriwa Pepo, akafa kwa tauni. Akashika uongozi Muadh ibn Jabal, mjuzi wa halali na haramu. Naye akafiwa na mwanawe, kisha akafa. Yazid ibn Abi Sufyan akafa. Shurahbil ibn Hasana akafa. Wanahistoria wa Kiislamu wanataja maelfu na maelfu ya askari na jamaa zao.

Na hapo katikati ya maiti yakatokea mabishano ambayo ni kama yale ya vibandani kwetu. Amr ibn al-As aliwaambia watu kwamba hili ni adhabu, watawanyike. Shurahbil akakasirika, akamkumbusha kwamba yeye ni mtu wa Mtume (S.A.W.) tangu zamani kuliko Amr, na kwamba hili ni rehema kutoka kwa Mola na ni kifo cha watu wema waliotangulia. Muadh naye alisema mfano wa hayo. Nani angethubutu kumwambia Muadh, mtoto wake akiwa amelala chini, kwamba ameadhibiwa?

Lakini tusimwonee Amr pia. Wale walipokwisha kufa na uongozi ukamfikia, aliwaambia watu ugonjwa huu huwaka kama moto, wapande milimani. Wakatawanyika, tauni ikaisha, na Umar alipopata habari hakuchukia. Katika kueleza maana ya balaa Amr alipingwa, na nadhani alipingwa kwa haki. Katika la kufanya, alipatia.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe, nenda mwaka wa 10 Hijria. Mwanawe Ibrahim alifariki akiwa mtoto wa kunyonya. Mtume (S.A.W.) alilia, akasema kwa maana kwamba jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, na hatusemi ila la kumridhisha Mola. Siku ileile jua likapatwa. Watu wakaanza kusema: jua limepatwa kwa ajili ya Ibrahim. Hebu fikiri, ni maelezo matamu namna gani kwa baba mwenye huzuni, mbingu zinaomboleza na wewe! Angenyamaza tu yangepita. Alisimama akawaambia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Akaswalisha.

Kwa hiyo hata maelezo mazuri, yanayomtukuza mfiwa, aliyakataa yasipokuwa ya kweli. Sembuse maelezo ya kumdhalilisha.

Kuna tofauti ambayo wazee wetu wa vyuoni walikuwa wakiitia mkazo, kati ya sababu na hekima. Sababu ni ya kutafutwa: maji yametoka wapi, ugonjwa unaambukizaje, chakula kimefichwa na nani. Hekima, yaani kwa nini mtoto huyu na si yule, kwa nini Kaputiei na kwa nini mwaka ule, hiyo Mwenyezi Mungu hakutukabidhi. Nabii Musa (A.S.), Mtume mwenye kitabu, aliandamana na Khidhr na hakuweza kuvumilia mambo matatu tu bila kuelezwa. Na yeye alielezwa mwisho wa safari. Wenye ile jahazi, wala wazazi wa yule mtoto, hatusomi kwamba kuna aliyewaeleza.

Ibn Hajar al-Asqalani, yule imamu wa hadithi aliyefariki mwaka 852 Hijria, aliyajua haya kwa uchungu. Mabinti zake watatu walikufa kwa tauni. Aliandika kitabu kizima juu ya ugonjwa huo, Badhl al-Maun. Ndani yake anasimulia tauni ya Kairo ya mwaka 833, kwamba watu walifungishwa siku tatu kisha wakatolewa jangwani kuomba dua kwa pamoja kama wafanyavyo kwa mvua. Siku za mwanzo maiti zilikuwa hazifiki 40 kwa siku. Baada ya mkusanyiko ule, mwezi haujaisha, zilipita 1000. Ameandika hivyo bila kuficha, na yeye ni alimu, na mabinti zake wako kaburini. Hakuacha kuomba wala kufundisha, na hakumzulia Mungu sababu.

Sasa turudi kwenye sotoka, maana ile habari ina mwendelezo, na sababu yake ilipatikana. Mwaka 1902, Istanbul, Mfaransa Maurice Nicolle na daktari wa mifugo Muislamu, Adil Bey, walionyesha kwamba ugonjwa ule unaletwa na kitu kidogo mno kinachopenya hata kwenye chujio la bakteria. Ndicho tunachoita virusi. Miaka kama sitini baadaye, hapo Muguga, ukipita Kikuyu tu kama unaelekea Limuru, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo iliyofaa kweli, ya bei nafuu. Ilipelekwa Afrika nzima na Asia. Mara ya mwisho virusi hivyo kuonekana popote duniani ilikuwa hapa Kenya, mwaka 2001, kwa nyati wa mbuga ya Meru. Mwaka 2011 ikatangazwa rasmi kwamba sotoka imetokomezwa.

Ndui ilikuwa imetangulia kutangazwa, 1980. Katika historia yote ya wanadamu ni magonjwa haya mawili tu ambayo yamefutwa kabisa duniani, na ndiyo haya mawili yaliyowamaliza watu wa nyanda hizi. Ukijua hilo bado hujui kwa nini mtoto wa Kimasai wa mwaka 1892 hakuzaliwa baada ya chanjo badala ya kabla yake. Lakini ng'ombe wa Kitengela anayekatiza barabara leo akizuia matatu hatakufa kwa sotoka.

Mtu wa mwisho kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Muislamu wa Afrika Mashariki, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, Somalia. Oktoba 1977 gari lililobeba watoto wawili wagonjwa lilipotea njia, naye akapanda kuwaonyesha. Safari ya dakika chache. Mtoto mmoja, msichana, alikufa. Yeye akaugua, akapona. Katika mamilioni kwa mamilioni ya wagonjwa tangu enzi za Mafirauni, yeye ndiye wa mwisho, na hakuna ajuaye kwa nini awe yeye, wala kwa nini yule binti afe na mpishi apone. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa sindano, na hilo alilisema mwenyewe hadharani. Miaka ilipopita alijitolea katika kampeni ya polio, akienda nyumba kwa nyumba Somalia wakati wa vita, akiwaambia akina mama waliogoma kuwachanja watoto habari yake yeye. Mwezi wa Julai 2013 polio iliporudi Somalia alikuwa kazini tena, akapata homa ya malaria, akafariki huko Merka.